Wanawake wageni kikundini wananyamaza nikitaja ukatili, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mama. Mimi niko Tanga mjini huku Ngamiani, ni katibu wa kikoba chetu cha kina mama. Mwaka huu tumepata wenzetu wageni, wapo wenye asili ya Burundi na Kongo, wapo wa kutoka Chogo kule Handeni, wale Wazigua waliotoka Somalia, na wawili wameolewa huku wametokea Mombasa. Tumeombwa tuwape elimu ya kuzuia ukatili wa majumbani. Tumejaribu Jumamosi mbili, nikitaja tu hilo neno ukatili wote wanainamisha vichwa wanaangalia mkeka. Jumamosi ya pili mume wa mmoja wao alikuja akasimama mlangoni mpaka tukamaliza. Nifundishe nini mama na nianzie wapi? Naogopa nisije nikawaharibia.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hilo neno lako la mwisho, kwamba unaogopa usije ukawaharibia, ndo limenikalisha chini nikuandikie kirefu, maana wengi wanaoingia kwenye hii kazi hawaogopi kabisa na ndo hao wanaoharibu.

Nianze na huo ukimya wao. Usiuite woga na wala usiuite ujinga. Mwanamke anayeangalia mkeka pale anapiga hesabu, na hesabu yake ni nzito kuliko yako wewe uliyezaliwa hapahapa. Chukua huyo mwenye asili ya Burundi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na akitoka awe na kibali, sasa kama karatasi yake inasema Nyarugusu au Nduta, kambi za wakimbizi kule Kigoma, na yeye yuko Tanga anauza mihogo ya kukaanga, ukimwambia nenda polisi anakusikia unamwambia nenda kajikamatishe. Mume anajua hilo, na ndo fimbo yake kubwa kuliko hiyo ya mkononi. Huyo wa Mombasa naye kavuka mpaka wa Horohoro na ndoa yake, pasipoti iko kabatini kwa mume na ufunguo wa kabati uko kwa mama mkwe, kila wakigombana anaambiwa ntakurudisha kwenu na watoto utaniachia. Halafu wa Chogo ni habari nyingine kabisa, wale wengi wao walishapewa uraia wa Tanzania, karatasi siyo shida yao kubwa, shida yao kule ni kwamba kila mtu ni ndugu. Shangazi wa mume ndo jirani, mjumbe ni mjomba, mwenye bodaboda ya kumtoa kijijini ni shemeji. Atamwambia nani?

Kwahiyo usiwaweke kwenye fungu moja ukasema hawa ni wakimbizi. Wamekuja kwa njia tofauti na kila mmoja kafungwa kamba yake, na kazi yako ya kwanza ni kuijua hiyo kamba kabla hujataja kipigo. Na ujue pia mji wetu huu siyo mgeni wa wageni. Watu wanapenda kusema Tanga waja leo waondoka leo lakini mashamba ya mkonge yalijaa watu waliotoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi, wakaitwa manamba, na wake zao wakafuata au wakaolewa humuhumu makambini, na vipigo vya kule kambini vilikuwa vinaitwa mambo ya wale wenyewe. Ndivyo tunavyosema mpaka leo, ah ndo mila zao. Hao wa Chogo ndo kabisa, wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka pwani hii karne ya kumi na tisa wakapelekwa bonde la Juba, wakakaa huko vizazi na vizazi na Kizigua chao mdomoni, vita ya 1991 ikawarudisha. Ni mila za nani hapo tunazosema?

Nakwambia hivi kwa sababu kuna takwimu moja naomba uiweke moyoni kabla hujaingia darasani. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliwauliza wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49, na asilimia 58 wakakubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe, kama kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga. Asilimia 40 walishapigwa tangu wafike miaka 15. Hao ni sisi. Ukiingia na sura ya kwamba nyie wageni mnapigwa njooni tuwafundishe sisi tulioelimika, watainamisha vichwa mpaka mwakani.

Sasa ntakueleza kitu ambacho nimekibeba miaka mingi. Nilipoanza kazi ya ustawi wa jamii nilikuwa natoa semina, nina projekta, nina fulana za Siku 16 za Kupinga Ukatili, nasimama mbele nawaambia kina mama toeni taarifa, msinyamaze. Mama mmoja wa kambi ya mkonge, siyo mzawa wa hapa, akanisikiliza akaenda kutoa taarifa. Alipofika akaambiwa arudi nyumbani akamlete mumewe wasuluhishwe. Akarudi kweli akamwambia mumewe anaitwa. Nilikuja kumwona wiki ya pili yake, mkono uko kwenye bandeji na jicho halifunguki. Hakunilaumu hata neno moja. Mimi ndo niliyemtuma, na sikuwa nimewahi hata siku moja kuitembea hiyo njia niliyomtuma.

Ndo maana msimamo wangu siku hizi ni huu, usimfundishe mwanamke kuripoti kabla wewe mwenyewe hujajua akiripoti kitatokea nini. Kabla ya Jumamosi ijayo tafuta siku ya katikati ya wiki, vaa viatu vya kutembelea, uende mwenyewe. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ulizia anayepokea ni nani, kuna askari wa kike, usiku wa Jumapili kuna mtu au mlango unafungwa, na mwanamke asiye na kitambulisho wala kibali wanampokeaje. Sikiliza jibu na uangalie na uso wa anayejibu. Nenda hospitali ya Bombo ulizia kama huduma zote anazipata sehemu moja, ile inayoitwa Mkono kwa Mkono, au atazungushwa madirisha manne. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nenda TAWLA, wale wanasheria wanawake, ofisi ya Tanga wanayo. Ulizia na wasaidizi wa kisheria wa kata yenu, hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na msaada wao ni bure, akikudai hela huyo siyo. Ukirudi una majina na sura za watu, siku mwanamke akikuuliza niende kwa nani humwambii nenda dawatini, unamwambia nenda kwa fulani, nimeongea naye, twende wote.

Kuhusu karatasi usimdanganye. Kitu cha kumwambia ambacho ni kweli ni kwamba kumpiga mtu ni kosa la jinai ndani ya nchi hii na sheria haiulizi aliyepigwa katokea wapi. Lakini usimwahidi kwamba hataulizwa kibali. Kama ni mkimbizi au anaomba hifadhi apelekwe kwanza kwa msaidizi wa kisheria au kwa watu wa wakimbizi wajue hali yake, halafu ndo apangiwe njia. Isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, hapo ni simu ya dharura 112 na hospitali, karatasi baadaye.

Haya, darasani sasa. Siku ya kwanza neno ukatili liache nyumbani. Wala usiite semina ya ukatili, iite darasa la afya na malezi, au mambo ya hela za nyumbani, jina ambalo mwanamke akiulizwa na mumewe unaenda wapi analitaja bila kutetemeka. Uliza maswali ambayo hayamtaji mtu. Kwa mfano, mwanamke akiumwa usiku nyumba za huku nani anaamua aende hospitali? Simu ya mwanamke nani anajua namba yake ya siri? Hela ya maandazi ikifika nyumbani inalala wapi? Mgeni akipoteza karatasi zake anafanyaje? Utaona vichwa vinanyanyuka. Hayo ndo maisha yao. Na humohumo ndo ukatili unakaa, kunyimwa hela, kufungiwa ndani, kukatazwa kuongea na mama yako aliyeko Bujumbura, kulazimishwa kitandani, yote hayo hayaachi alama na wenyewe hawajawahi kuyaita ukatili kwa sababu neno wamelisikia likitajwa kwa makonde tu.

Ukifika kwenye sheria usiwasomee sheria zote. Moja tu inatosha siku hiyo, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66, kinachosema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, na kinasema wazi kabisa kwamba hata kama mila inaruhusu. 1971 hiyo, kabla mimi sijavunja ungo. Isome taratibu halafu nyamaza. Kuna siku nilisoma hicho kifungu mbele ya kina mama na bibi mmoja akaniambia rudia, nikarudia, akaniambia rudia tena.

Cha pili wanachoogopa ni kutoka mikono mitupu, kwamba nikiondoka naondoka na khanga zangu mbili. Hapo waambie habari ya kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, ndo iliyosema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Waeleze na upande wa pili, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao kwa sababu mahakama iliona hela aliyopewa na mume alishaitumia, lakini neno lililotamkwa pale linatumika mpaka leo. Wanawake wakiambiwa ukweli wote wanakuamini zaidi kuliko ukiwapamba.

Kuna mambo mawili lazima wayajue hata kama mengine yote mtayaacha. La kwanza ni kukabwa koo. Kina mama wanakwambia hajanipiga, kanikaba tu. Kanikaba TU. Mwanangu, watafiti wa Marekani walilinganisha wanawake waliouawa na waume zao na wanawake waliopigwa lakini wako hai, wakakuta mwanamke aliyewahi kukabwa na mumewe yuko kwenye hatari ya kuja kuuawa mara saba na zaidi. Na kukabwa kunaweza kusiache alama yoyote shingoni huku ndani kumeumia. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, kichwa kikiuma, akipoteza fahamu hata sekunde, au akijikojolea bila kujua, aende hospitali siku hiyohiyo na aseme kwa mdomo wake nimekabwa, maana asiposema hawatatafuta. Hali ikiwa mbaya ni hospitali kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatwe baadaye. Na kama kabakwa, hata na mumewe, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema ndo bora, na za kuzuia mimba ndani ya siku tano.

La pili, wakati wa hatari kuliko wote siyo wakati wa kukaa, ni wakati wa kuondoka. Mwanaume anayeona mamlaka yanamponyoka ndo anaua. Kwahiyo nyie kikundini msije mkamsukuma mtu, ondoka, ondoka, unangoja nini, kama mnamshangilia mechi. Yeye anamjua huyo mtu kuliko nyie wote. Kazi yenu ni kumsaidia apange. Kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, hati yake ya ukimbizi au pasipoti, zikae kwa mtu ambaye mume hamjui. Nauli ikae kwenye kikoba kwa jina lingine, mnajua wenyewe mtaliandikaje kwenye daftari. Akiona hali inachemka asikimbilie jikoni, jikoni kuna visu na mafuta ya moto, ajisogeze upande wa mlango. Watoto wakubwa wafundishwe kukimbilia nyumba ipi, na wasifundishwe kuingia katikati kuamulia. Watoto wenyewe wanaweza kupiga 116, ni simu ya msaada kwa mtoto. Na kikundi muwe na neno, neno la kawaida kabisa kama naomba kuazima kinu, akituma meseji ya kinu mwenzake anajua aje au apige simu kwa nani.

Simu nayo uiangalie. Usiwaunganishe wote kwenye grupu la WhatsApp lenye jina la ukatili, nimeona kikundi kimoja kilifanya hivyo na ndani ya wiki waume watatu walishasoma kila kitu. Usitume picha za darasa. Usimwandikie, mwambie ana kwa ana.

Lugha ni pagumu kidogo. Wa Chogo mnaelewana, tafuta mama anayeongea Kizigua vizuri, wataongea vitu kwa Kizigua ambavyo kwa Kiswahili hawavisemi. Kwa Kirundi au Kifaransa cha Kongo tafuta mkalimani mwanamke, asiwe ndugu wa mume, na kamwe usimtumie mtoto. Mtoto wa miaka kumi akitafsiri mama yake alivyoingiliwa kwa nguvu umewaumiza wawili kwa mkupuo mmoja. Na mkalimani mwenyewe umwapishe kabla, maana hizi jamii za wageni ni ndogo, neno likitoka asubuhi jioni liko kwa mumewe.

Dini usiikimbie, pwani hii ukikimbia dini umebaki peke yako. Mwanamke atakwambia imeandikwa. Tafuta ustadhati mnayemheshimu aje awaeleze hadithi ya Bi Aisha, kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Wakristo nao watafutie mama wa kanisani. Na makungwi msiwaache nje. Sisi tumefundwa kuficha siri za ndani, na kweli siri ya chumbani ni ya wawili, lakini jino lililong'oka siyo siri ya chumbani. Kungwi akilisema hilo linaingia kuliko nikilisema mimi na vyeti vyangu.

Na waume je. Najua mmeombwa kufundisha wanawake lakini mkiishia hapo mnambebesha anayepigwa kazi ya kuzuia kipigo. Kuna mpango ulioanzia Uganda unaitwa SASA!, jina limetokana na Kiswahili chetu, hawakufanya semina, walichukua watu wa mtaani wenyewe, wanaume kwa wanawake, wakawa wanaongea na wenzao kwenye vijiwe na magengeni miaka kadhaa kuhusu nguvu, nani anayo na anaitumiaje. Utafiti wa Kampala uliotoka 2014 ukakuta mitaa iliyofikiwa, wanawake waliopigwa na wenzi wao ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuulizwa walikuwa pungufu kwa karibu nusu kulinganisha na mitaa mingine. Karibu zaidi na nyie ni Mwanza, wanawake wa vikundi vya mikopo walipewa vipindi 10 vya mafunzo pamoja na ile mikopo, na ukatili wa kupigwa ulipungua. Vipindi kumi, siyo Jumamosi mbili, kwahiyo punguza presha. Tafuta wanaume wawili watatu wa mtaani wenye kuheshimika, fundi, mvuvi, imamu, waongee na wenzao kwenye kahawa, wewe usiende.

Siku mmoja akikufungukia usimuulize kwanini ulikaa muda wote huo. Mwambie nakuamini, halafu muulize leo usiku utalala salama? Halafu unataka nikusaidie nini. Akisema hataki kitu alitaka tu kusema, basi umesikiliza, na usimhadithie hata mwenyekiti wa kikundi. Wewe mwenyewe ukifika nyumbani utakosa usingizi, hiyo ni kawaida, tafuta mtu wa kuongea naye bila kutaja majina.

Nimalizie huyo mwanaume wa mlangoni. Alivyosimama pale mpaka mwisho, alikuwa anamtumia mkewe ujumbe, nyie mlikuwa mashahidi tu. Akija tena usimfukuze na usimbishie mbele ya watu, hasira zake hazitakuishia wewe, zitamsubiri mkewe nyumbani. Mkaribishe kwa adabu, karibu shemeji, tuko kwenye hesabu za kikoba na leo tunasoma uji wa lishe wa watoto. Na kweli muwe na hilo somo la lishe tayari, daftari liko wazi, mahindi na karanga viko kwenye sinia, akionekana kwa mbali mtoto anayecheza nje anaimba, nyie mnageuza ukurasa. Akae asikilize lishe mpaka achoke. Huyo mama usimuulize chochote siku hiyo wala usimkonyeze. Wiki ya pili tafuta sababu ya kumkuta peke yake, kliniki ya mtoto siku ya mzani ndo mahali pazuri kuliko pote, hakuna mume anayekaa kwenye ile foleni. Kaa naye kwenye benchi, mbebee mtoto, na uanze kwa kumuuliza yeye anataka lile darasa liwe saa ngapi.